Kengele Hakusafiri

Jamani, sogeeni niwape habari ya nyumba moja, na atakayejiona humu asininunie.

Asubuhi nyumba ile ilikuwa raha tupu. Mume, kinyozi, alipiga pasi koti lake jeupe huku mkewe akiimba jikoni. Mke aliuza vitambaa sokoni, na alipoita wateja alisikika hadi stendi. Ndiyo maana watu walimwita Kengele. Kinyozi aliringia sauti ile kuliko vioo vya duka lake.

Basi Kengele akaota uvimbe shingoni. Madaktari wakautoa wote, ila mshipa wa fahamu unaoendesha sauti na kumeza ukajeruhiwa. Akaamka na mnong'ono tu, na kila akinywa maji yanampalia.

"Usikate tamaa, mama," mtaalamu wa sauti alimwambia. "Inamisha kidevu, geuza shingo upande uliolegea, ndipo umeze. Na kila wiki uje tufanye mazoezi. Ukiacha, maji yatakuingia mapafuni."

Wageni walipokuja kumpa pole, Kengele akainamisha kidevu kama alivyofundishwa, akanywa chai. Ikampalia, ikamtokea puani. Mgeni mmoja akacheka. Kinyozi akatamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake mteja akamuuliza, "Shemeji yetu hajambo? Sokoni kimya."

"Amesafiri," kinyozi akajibu bila kuinua uso. "Kaenda kwa dada yake." Majirani nao akawaambia hivyo hivyo.

Ole wake na uongo huo! Njia ya hospitali ilipita mbele ya duka lile lile. Aliyesafiri ataonekanaje barabarani? Akamwambia mkewe, "Subiri kwanza sauti irudi, ndipo utoke." Haya niambieni, ingerudije bila mazoezi?

"Unanionea aibu?" Kengele akanong'ona.

Kinyozi akajifanya hakusikia. Mkewe alipoanza kukohoa mfululizo, akamnunulia dawa ya kifua, akaenda zake kazini.

Siku hiyo hiyo akaingia dukani mwanamke mwenye begi na vumbi la safari. Alikuwa dada yake Kengele.

"Shemeji, mdogo wangu yuko wapi? Simu hapokei."

Mteja mwenye povu kidevuni akageuka. "Dada, kwani si yuko kwako?"

"Kwangu? Tangu lini?"

Jasho likamtiririka kinyozi. "Yuko nyumbani," akasema, akauweka wembe chini, wakatoka mbio.

Walimkuta Kengele sakafuni jikoni, anatweta, mwili moto, kashika mfuniko wa sufuria. Jirani alikuwa ameusikia ukigongwa tangu asubuhi. Akadhani ni paka, maana mwenye nyumba si kasafiri?

Hospitalini ikaonekana ni nimonia, maji yameingia mapafuni.

"Nilikuwa namngoja kila wiki," mtaalamu akasema. "Kwa nini hakuja?"

Kinyozi akatazama viatu vyake. "Nilimficha. Niliona aibu."

Shemeji yake hakumtukana. Alivuta kiti, akaketi kando ya mdogo wake.

Kengele alipona. Akachomwa sindano ya kuusogeza uzi wa sauti uliolala, akarudi kwenye mazoezi, mumewe akimsindikiza mchana kweupe. Sauti ikarudi, nzito na yenye mikwaruzo.

Alipopata nguvu akaenda dukani, wateja wamejaa. Akaomba chai. Akainamisha kidevu, akageuza shingo, akameza polepole mbele ya watu wote, wala hakukohoa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Jamani, nimerudi safarini," akasema, na kila mtu akamsikia. "Nilikuwa jikoni kwangu."

Hakuna aliyecheka. Kinyozi hakujua auweke wapi uso wake, na vioo vilikuwa kila upande.

FUNZO

Ndugu zangu, aliyepoteza sauti hajapoteza akili wala heshima yake. Kusema na kumeza watu hufundishwa upya, na wengi hupata nafuu, mradi waanze mapema na wasifichwe. Katika nyumba ile, aliyestahili aibu si yule aliyepaliwa na chai. Na wewe, kama kuna mtu wako umemsafirisha namna hiyo, ondoka sasa hivi ukamfungulie mlango.