Msindikizaji wa Ndue Marku

Kuni za mwaloni zilikuwa zikiwaka vizuri tu, lakini zulia la upande wa kulia wa moto, pale wanapoketishwa wageni wa heshima, lilikuwa limelowa. Beqir Pasha, gavana wa mkoa, alilipapasa kisha akanusa kiganja chake. Kilinuka matope ya mtoni.

"Nani amemwaga maji hapa?"

"Hakuna, Pasha," mkewe Shahe alijibu kwa sauti ya chini. "Nimelibadilisha mara mbili tangu asubuhi."

Pasha hakubisha. Juzi, theluji ikianguka, sauti ya mwanamume iliita langoni: "Mwenye nyumba, unapokea wageni?" Naye, kama Mwalbania yeyote aliyelelewa vizuri, alijibu kabla ya kuchungulia: "Karibu, mkate na chumvi yetu ni yako." Lango likafunguliwa, wala hapakuwa na mtu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo, lakini tangu saa ile binti yao wa pekee, Nurije, alikuwa kitandani akikohoa maji machafu.

"Ile sauti ni ya Ndue Marku," Shahe alinong'ona. "Usinifiche, mume wangu. Ulimfanya nini?"

"Sikuvunja besa."

"Sikukuuliza hilo."

Ndue alikuwa mkuu wa watu wa milimani, waliokataa kodi ya Sultani. Alishuka mjini kwa besa ya Pasha, yaani kiapo kwamba hataguswa. Akala, akalala, akaaga. Stambuli, kwa Sultani, walitaka kichwa chake, la sivyo Pasha aage ugavana. Desturi inamtaka mwenyeji amsindikize mgeni mpaka atakapo mgeni mwenyewe. Pasha akatoa walinzi, wakamfikisha katikati ya daraja, wakageuka. Ng'ambo walisubiri watu wake wengine wenye visu. Kiapo kizima, mtu mtoni. Akili nyingi huondoa maarifa, na huyu bwana alijiona mjanja kweli.

Wakamwita Sheikh Selman, dervishi, yaani sufi, wa zawia ya jirani. Alifukiza ubani, akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya matope ilivyozidi, ikapanda ngazi, ikaingia chumbani kwa Nurije, kuta zikaanza kutoka jasho, na kutoka kwenye zulia lile lisilo na mtu ikasikika pumzi nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyeshiba na asiye na haraka ya kwenda popote.

"Si maiti huyu," sheikh alisema. "Ni jini wa mto, amevaa sauti ya marehemu na anadai haki yake. Siwezi kumfukuza. Ulimkaribisha kwa kinywa chako."

Pasha alipiga magoti mbele ya zulia. Hakuwahi kumpigia mtu magoti isipokuwa Sultani. "Ondoka, bwana mgeni. Nichukue mimi, umwache mtoto."

Mlango ukafunguka. Nurije alikuwa amesimama pale, amevaa viatu na mtandio, lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Naondoka sasa hivi. Nipe wa kunisindikiza."

"Nitakusindikiza mimi mwenyewe."

"Wewe?" Ile sauti ilicheka kidogo. "Usindikizaji wako nimeshauona, Pasha. Nimempata mwingine."

Shahe alimkumbatia binti yake kiunoni. Papo hapo maji yakamtoka msichana puani na mdomoni, macho yakapinduka.

"Mwachie, mama," sheikh alisema. "Ukimzuia atakufa maji hapa hapa sakafuni. Akienda, Mungu ndiye ajuaye."

Shahe aliachia mikono, na Nurije akapumua. Pasha alimfuata hadi langoni akilia waziwazi mbele ya walinzi wake.

"Nurije, mwanangu, unampeleka wapi?"

"Kwake, baba." Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya upole. "Mgeni hasindikizwi nusu njia. Si wewe uliyenifundisha?"

Pasha alifungua komeo kwa mkono wake mwenyewe, kwa matumaini kwamba anayetoka akiwa hai huenda akarudi.

Daraja lilikuwa chini tu ya ngome ya Pasha, nao walimwona akilifikia, akitembea upande mmoja wa njia. Alipofika katikati alisimama kando kwa adabu, kama anayempisha mtu mzima atangulie, kisha akaupanda ukingo na kumfuata mtoni.