Bila Sauti ya Cherehani

—Mwambie mumeo atoke, anahema mpaka kwenye maikrofoni.

Prodyuza alimwambia hivyo mke wangu, kana kwamba mimi ni feni iliyosahauliwa kuzimwa. Nikatoka. Nikakaa kwenye benchi la koridoni, fundi cherehani mzima na shati langu la kutokea.

Nyumbani hakuna aliyewahi kunitoa. Nyimbo zake zote za mwanzo tulizirekodi chumbani kwetu, yeye na gitaa lake, simu imeegemezwa kwenye mto, kabati wazi ili nguo zimeze mwangwi. Siku moja nilijisahau, nikaendelea kushona huku anaimba. Cherehani ikaingia kwenye wimbo, tak tak tak. Nikamwomba radhi. Akacheka, akaurusha mtandaoni hivyo hivyo, na watu wakaupenda kuliko nyingine zote. Tangu hapo akitaka kurekodi, ananiita kwanza: "Baba Cherehani, kaa kwenye kiti chako."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wake:

"Usiondoke. Wameshaweka fidla. Naogopa."

Nikajibu: "Nipo."

Baadaye akaja mwenyewe, akanishika mkono, akaniingiza ndani. Wapiga ala walikuwa wanafungua soda.

—Shemeji, alisema prodyuza, safari hii kwa adabu, —tuna wimbo wenu wa chumbani, na tuna huu wa bendi. Mkeo hataki kuamua bila wewe. Tukichukua wa bendi, Jumatatu tunaanza ziara, miezi saba. Tukichukua wa chumbani, kila mtu anarudi kwao, hamna ubaya.

Mke wangu aliniangalia. Alijua siwezi kumfuata. Mama yangu hainuki kitandani tangu mwaka jana, na sina ndugu wa kumwachia.

Wakaweka ule wa zamani. Cherehani yangu, sauti yake, jirani akikohoa. Nikatabasamu kama mjinga.

Kisha wakaweka mpya. Fidla ilianza peke yake, taratibu, zikafuata ngoma, halafu waitikiaji wakampokea, naye akafungua koo kwa namna ambayo hajawahi, maana chumbani tuliogopa kumwamsha mama. Mwili ulinisisimka. Nilitamani uwe mbaya. Nikatafuta kosa, hata dogo, nikakosa.

—Upi? aliniuliza.

—Mke wangu...

—Sema tu. Ukisema wa zamani, tunakwenda nyumbani sasa hivi.



—Huu mpya.

Akatoka mbio. Nilimkuta koridoni amegeukia ukuta, mabega yakitetemeka.

—Si ungenidanganya! Mara moja tu, ungepungukiwa nini?

—Ungejua.

—Ningejua, na ningekaa! Nilitaka unizuie, mpumbavu wewe!

—Na mimi nilitaka kukuzuia. Nakupenda mpaka najionea huruma. Lakini nimekusikia mle ndani. Nitakuzuiaje?

Akanipiga ngumi ya kifua, kisha akaegemeza paji la uso palepale alipopiga. Prodyuza alichungulia mlangoni, akatuona, akarudisha kichwa chake ndani.

Jumatatu gari la bendi lilisimama mbele ya nyumba, injini ikinguruma. Mama aliomba tumfungulie dirisha ili amuage mkwewe.

—Nenda, binti yangu. Imba kwa nguvu. Mimi mwenyewe usingizi ulishanikimbia siku nyingi, mlikuwa mnanong'ona bure.

Mke wangu akacheka na kulia kwa pamoja. Gitaa lilikuwa limeshapakiwa. Yeye alikuwa bado ameshika mlango wa gari, mguu mmoja chini.

—Nitarudi. Unajua, eh?

—Najua.

Sikujua chochote. Nikamsukuma mgongoni taratibu apande, maana ningechelewa kidogo tu, ningemshusha.