Ua Lililokuwa na Jina Lake

"Hebu rudia ulichosema," Mchoraji aliiambia simu, penseli ikiwa bado imechomekwa kwenye nywele.

"Nimesema tuisogeze harusi mbele kidogo," mchumba wake alijibu. "Kidogo tu. Hadi jina la ua litoke."

"Kidogo kama kile cha mwanzo, au kidogo kama kile kilichofuata?"

"Mpenzi, sayansi haiharakishwi."

"Basi ioe hiyo sayansi!"

Akakata simu na kuitupa kwenye droo. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa kulala ukaamka nao umeisha. Alikuwa amechoka kuulizwa, amechoka kujibu, amechoka kuchekeshwa na watu waliomhurumia.

Mchoraji alifanya kazi kwenye hifadhi ya mimea mikavu, jengo lenye makabati ya chuma kila upande, lililonuka dawa ya wadudu mpaka kwenye ngazi. Humo majani na maua yaliyokufa zamani yalibandikwa kwenye karatasi ngumu, kila moja na mahali pake, na kazi yake ilikuwa kuyachora. Ukumbi wa pili alikaa mchumba wake. Jengo zima lilimwita Daktari, ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. Udaktari wake ulikuwa wa maua ya okidi.

Siku moja Daktari alirudi kutoka msituni matope hadi masikioni, amebeba okidi ambayo hakuna aliyeitambua. Wiki hiyohiyo akaenda kujitambulisha kwa kina Mchoraji. Baba mtu alipomuuliza amekuja na nini, kijana akavimba kichwa.

"Mzee, nimepata ua jipya. Nitalipatia jina la binti yako. Sisi sote tutaondoka duniani, jina litabaki. Siku litakapotoka, ndiyo siku ya harusi."

Nani alimtuma? Baba aliyameza maneno hayo bila kutafuna. Tangu hapo hapakuwa na msiba, kikao wala kiti cha kinyozi ambacho habari ya ua haikufika.

Droo ikaanza kutetemeka. Alikuwa Shangazi.

"Mwanangu, fundi anauliza lile gauni alipunguze au aliongeze. Anasema vipimo alivyochukua vimeshakuwa historia."

"Shangazi, tumeahirisha."

"Tena?"

"Tena."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Nikuulize kitu, usinikasirikie. Una hakika hana mwanamke mwingine?"

"Hana, Shangazi. Ana okidi."

"Afadhali angekuwa na mwanamke. Tungemfuata tukamalizana naye. Sasa ua utalifanya nini?"

Mchoraji alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Alipokuwa anajifuta macho mlango ukafunguliwa, na Daktari akaingia na mchoro mkononi, uso wa mtu anayetembelea wagonjwa.

"Bado umekasirika?"

"Umekuja na nini mkononi?"

"Mchoro wako. Mzuri sana, kwa kweli. Ila hapa, kwenye ncha ya petali, vinyweleo umeviweka vichache."

Mchoraji aliuangalia ule mchoro. Alikuwa ameuchora, akaufuta, akauchora upya mpaka akawa anauota. Mara Daktari aseme kivuli kizito, mara bua limeinama mno. Petali la chini, lile wanaloliita mdomo, pana na lenye matuta matatu membamba ndani yake, alilijua kuliko alivyoujua mdomo wa huyu aliyesimama mbele yake.

"Niambie kitu kimoja kilichobaki," alisema taratibu. "Kimoja tu. Kinachozuia hili ua lisipate jina, na mimi nisiolewe."

"Kulinganisha. Lazima nithibitishe halifanani na lile kavu la kabati la mwisho."

"Si ulisema lile mdomo wake ni laini? Hauna matuta?"

"Unaonekana laini."

"Basi ni tofauti. Limekwisha."

"Lazima nithibitishe."

"Thibitisha basi!"

"Siyo rahisi hivyo."

"Kwa nini siyo rahisi?"

"Mpenzi, wewe ni mchoraji. Kuna mambo ya ndani ya fani."

Hapo alikosea. Alipotoka, Mchoraji alibaki ameutazama mlango, na maneno hayo yakawa yanamchoma. Mambo ya ndani ya fani! Alikuwa amekaa kwenye fani hiyo muda wa kutosha kujua jambo analolijua kila anayeingia kazini wiki ya kwanza: ua kavu halichunguzwi likiwa limejikunja. Unalitumbukiza kwenye maji ya moto, linalegea, linafunguka kama siku lilipochumwa, na kila kilichofichwa ndani kinaonekana. Wachoraji walifanya hivyo kila mara. Daktari mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni. Lile ua la kabati la mwisho lilikandamizwa vibaya, mdomo ukajikunja kwa ndani, ndiyo maana likaonekana laini. Kwa nini hajawahi kulichemsha?

Alikwenda kwenye kabati la mwisho, akaitoa karatasi. Kando ya mmea, kwenye bahasha ndogo ya maua yaliyodondoka, lilikuwepo ua moja la kahawia, jepesi kama ganda la kitunguu. Akaliweka kwenye kisahani, akawasha birika, akamwandikia Daktari ujumbe.

"Pumzika, mambo ya ndani ya fani nakusaidia. Nachemsha ua la kabati la mwisho."

Hakujibiwa kwa ujumbe. Alisikia viatu vikikimbia ukumbini.

"Usilitie!" Daktari aliingia anahema, shati limechomoka.

"Kwa nini?"

"Litasambaratika."

"Mbona ulitufundisha namna ya kufanya lisisambaratike?"

"Hilo ni la zamani mno. Halafu hata ukilifungua, hayo matuta matatu hayathibitishi chochote, inawezekana ni mikunjo tu ya..."

Macho yakamwendea kwenye birika.

Birika lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuguna. Ua lilikuwa kwenye kisahani, kavu, limejikunja vilevile, halijaguswa na tone la maji.

"Matuta gani?" Mchoraji aliuliza.

Daktari akageukia mlango.

"Nimekuuliza, matuta gani? Umeniambia mdomo wake ni laini. Hayo matatu umeyahesabia wapi?"

Daktari alivuta kiti, akakaa.

"Kwenye bahasha yalikuwa maua mawili," alisema. "Nilichemsha moja. Liko kwenye chupa ya spiriti, nyuma ya dawati langu."

"Na?"

"Ni lilelile. Ua letu na hili ni ndugu, hakuna tofauti hata ya kuazima. Lilishapewa jina kabla babu zetu hawajazaliwa, na jina la kwanza ndilo linalobaki. Siwezi kulipatia la kwako. Hakuna anayeweza."

"Ulijua lini?"

"Muda mfupi baada ya kwenda kwenu."

"Kabla sijaanza mchoro, au baada?"

Hapo Daktari alitazama viatu vyake.

"Kabla."

Mchoraji alilizima birika.

"Kwa hiyo kile kivuli? Lile bua? Vinyweleo, vya leo hii?"

"Nilikuwa natafuta muda."

"Ulikuwa unakula wa kwangu! Nimekesha na huu mchoro, macho yananiuma, nikirudi nyumbani nakuta Shangazi na sindano za fundi. Wewe unanirudishia kazi kwa ajili ya unywele, na unajua haiendi popote! Ungenidanganya kuhusu kitu kingine chochote. Siyo kazi yangu!"

"Nisamehe."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ya baba yako! Ananipigia kila Jumapili, mpenzi. Anataka kujua kama ua litaweza kuchapishwa kwenye kadi. Juzi amenikutanisha na kaka zake kwenye simu, mmoja mmoja, wananipongeza. Ningemwambia nini? Kwamba nilijisifia kitu ambacho sikukihakiki? Mimi, ninayefundisha wenzangu kuhakiki? Nikasema nikirudi msituni huenda nikapata jingine, jipya kweli. Nimerudi. Sijapata."

"Nani alikuomba ua?"

"Nilitaka nikupe kitu ambacho..."

"Mimi niliomba mume! Ua sikuliomba!"

Sauti yake ilifika ukumbini. Akaifungua droo, akatoa simu, akaiweka mezani katikati yao, akabonyeza spika.

"Unafanya nini?"

"Unamwogopa baba. Haya, mwambie."

"Sasa hivi?"

"Sayansi haiharakishwi, eeh?"

Simu ilipokelewa kwa kikohozi.

"Binti yangu! Limetoka?"

Mchoraji alimnyooshea Daktari kidole. Daktari akainama kwenye simu.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi."

"Marahaba, mwanangu. Limetoka?"

"Mzee, ua si jipya. Lina jina lake tangu zamani. Nilikosea kuwaahidi kabla sijahakiki. Na nimelijua hilo muda mrefu, nikanyamaza."

Upande wa pili palikuwa na redio. Ikazimwa.

"Umenyamaza kwa nini?"

"Nilikuogopa, mzee."

"Mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo miezi yote hii binti yangu ananuna, anakonda, fundi anatukana, kumbe kinachozuia ni mimi?"

Daktari alifungua mdomo, baba akamwahi.

"Kijana, mimi nilijisifu kwa sababu nilifurahi. Ungeniambia siku ileile, ningecheka, ningeona aibu mbele ya kaka zangu, yakaisha. Aibu hainiui. Binti yangu yupo hapo?"

"Nipo, baba."

"Bado unamtaka huyu?"

Mchoraji alimtazama Daktari, shati nje, jasho puani, macho ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Hasira ilikuwa bado imejaa. Alitamani jibu liwe hapana, na halikuwa hapana.

"Namtaka, baba. Ila leo nimemkasirikia sana."

"Basi mkasirikie ukiwa kwake, kama mama yako alivyonifanya mimi. Na hilo ua msinitajie tena."

Simu ikakatika. Daktari alinyoosha mkono, Mchoraji akaurudisha wake nyuma.

"Usinishike. Sijamaliza. Lile jina la zamani ni lipi?"

"La Kilatini. Maana yake ni mchelewaji. Aliyelichuma aliandika kwamba linachanua wenzake wote wakishapukutika."

Mchoraji alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka bila ruhusa yake, akakifunika kwa kiganja, kikapenya.

"Na wewe umekaa na jina hilo kwenye chupa muda wote huu."

"Kuna jambo jingine," Daktari alisema kwa woga. "Aliyelipatia jina hakuwahi kuliona likiwa hai. Alikuwa na hili kavu tu, na alilichora limejikunja, bila matuta, ndiyo maana kila mtu amepotea. Sura yake halisi haijawahi kuchapishwa popote. Iko moja tu." Akaugusa mchoro. "Nikiandika makala kwamba limeonekana tena, huu ndio utakaotangulia. Na chini yake, jina la aliyeuchora."

"Langu?"

"La kwako. Na hilo sikupi mimi. Ulishalipata mwenyewe."

Mchoraji aliutazama mchoro. Hilo lilimwingia, na lilimuudhi kwamba lilimwingia.

"Uliliona lini hilo?"

"Tangu siku niliyochemsha ua."

"Ee Mungu, nipe nguvu nisimpige." Alichomoa penseli kwenye nywele, akaandika jina lake kwenye kona ya mchoro, herufi kubwa, bila kuongeza unywele hata mmoja. "Chukua. Kaandike leo. Na harusi ni Jumamosi."

"Jumamosi hii? Lakini nina..."

Alimtazama.

"Jumamosi," Daktari alisema.

Alipoondoka, Mchoraji alichukua simu. Kwanza akamwandikia Shangazi: "Fundi apunguze kiunoni. Haraka." Kisha akalitafuta jina la Daktari, akalifuta, na mahali pake akaandika Mchelewaji.

Jumamosi asubuhi, Shangazi akiwa amejaza pini mdomoni na kumkataza kupumua, simu iliwaka juu ya kitanda. Mchelewaji alikuwa ameandika:

"Nimeshafika ukumbi wa harusi. Walinzi wanasema nirudi baadaye, mlango haujafunguliwa. Nimewaambia siendi popote."