Kibuyu Kilichosafiri Hadi Kampala

Kila asubuhi, kabla king'ora cha karakana ya reli hakijalia, Jelagat alikuwa amekwisha kupanga foleni bombani. Bomba lilikuwa moja, landhi za reli za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi, zilikuwa na watu tele, na akina mama wa foleni ile walikuwa na maneno makali kuliko wembe mpya. Msichana wa miaka kumi na miwili aliyetaka kufika shuleni na uso ulionawa ilimbidi aamke mapema, ashike debe lake, na asijibu kila anachoambiwa.

Lakini mwezi ule wa Agosti, mwaka wa 1958, Jelagat alijibu kila kitu, na jibu lake lilikuwa moja tu.

"Songa mbele, wewe msichana!"

"Nasonga, mama. Jumamosi nitakuwa Kampala."

"Debe lako linavuja."

"Liache livuje. Nikirudi kutoka Kampala, baba atalipeleka kwa fundi."

"Mungu wangu!" Mama Chemutai, jirani yao, alipiga makofi. "Huyu hata hajapanda garimoshi, tayari amekwisha kutuacha nyuma!"

Foleni nzima iliangua kicheko, na Jelagat akacheka pia. Furaha yake haikuwa na mahali pa kujificha.

Baba yake, Bwana Kimaiyo, alikuwa mfanyakazi wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia pale Nakuru, ili garimoshi la Kisumu lisije likajikuta linakwenda Uganda. Alikuwa amegeuzia maelfu ya watu njia ya kwenda Kampala, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kufika. Kila mwaka alipopewa likizo na tiketi za familia, walikwenda Rongai kwa kogo, yaani nyanya yake Jelagat. Safari yenyewe ilikuwa fupi mno, mtu akianza kusinzia garini tayari anaamshwa ashuke. Mwaka huu rafiki yake wa zamani, Bwana Kaggwa, fundi wa injini aliyehamishwa kutoka Nakuru kurudi kwao Kampala, alituma salamu: njooni nyote, niwaonyeshe mji wa wafalme wetu.

Shuleni, Mwalimu Kipkemei aliposikia habari hiyo alimsimamisha Jelagat mbele ya darasa. Aliwaeleza wanafunzi juu ya kilima cha Kasubi, ambako wafalme wa Buganda wamezikwa ndani ya nyumba moja kubwa ya nyasi, na mikuki yao imesimamishwa humo. "Jelagat ataiona kwa macho yake," mwalimu alisema, "kisha atatusimulia." Tangu siku hiyo Jelagat hakuota kitu kingine. Alikuwa amesikia kwamba wanawake huketi pale juu ya mikeka wakiwa wamekunja miguu upande mmoja, na kila jioni alijizoeza kuketi hivyo sakafuni, mpaka miguu ikafa ganzi na mdogo wake Micah akamcheka.

Siku ya safari, kogo alikuja kutoka Rongai na kibuyu cha mursik, maziwa ya kulala yaliyochanganywa na masizi ya mti uliochomwa. Hakuna Mnandi anayeenda kumtembelea rafiki wa mbali mikono mitupu, na Bwana Kaggwa alijifunza kuyapenda maziwa hayo alipokuwa Nakuru.

Kogo alimkabidhi Jelagat kibuyu hicho kana kwamba anamkabidhi mtoto mchanga. "Huyu yuko hai," alimwambia. "Bado anachacha. Garimoshi likisimama kwenye kituo kikubwa, mfungue kifuniko kidogo, apumue, kisha mfunike tena. Umenisikia?"

"Nimesikia, kogo."

"Umesikia kwa masikio au kwa miguu? Maana miguu naona iko Kampala tayari."

Garimoshi lilipanda polepole kutoka bondeni. Walipita Rongai, wakaingia kwenye misitu ya Timboroa ambako baridi iliwauma masikio, na huko Jelagat akakifungua kibuyu kama alivyoagizwa. Kilitoa sauti ndogo, *fss*, kama paka aliyekasirika. Micah, mwenye umri wa miaka minane, alifurahi sana, akaomba kifunguliwe tena.

Eldoret aliingia msichana mwenye soksi nyeupe pamoja na mama yake, wakaketi kwenye benchi lililowakabili. Jelagat alipokifungua kibuyu, msichana yule alikunja pua.

"Ni nini kinanuka moshi hivyo?" aliuliza. "Mnaenda mjini na hicho? Watu wa Kampala watawacheka."

Mama yake alimkemea, lakini neno lilikuwa limekwisha kumwingia Jelagat kama mwiba. Ghafla kibuyu kile cha kogo, chenye shanga zake na ukanda wake wa ngozi, kilionekana kitu cha kishamba. Wazazi wake walikuwa wamesinzia. Jelagat alikifunika, akazungushia kifuniko kitambaa, akakaza kwa kamba kwa nguvu zake zote ili harufu isitoke, kisha akakisukuma chini ya benchi. Hakukigusa tena. Tororo ilipita. Asubuhi walivuka Mto Nile pale Jinja, maji yakimeremeta chini yao, na Jelagat akawa ametoa kichwa dirishani, hakumbuki kogo wala maziwa.

Kampala, Bwana Kaggwa alikuwa akiwangoja kituoni. Alimkumbatia Kimaiyo mpaka kofia zote mbili zikaanguka.

"Mnywa masizi! Umefika!"

"Nimefika, mla ndizi! Bado hujanenepa?"

"Nitanenepaje, na maziwa nimeyaacha Nakuru?"

Micah ndiye aliyebeba kibuyu kutoka kituoni hadi nyumbani kwa Bwana Kaggwa. Alikitikisa njia nzima, sikio likiwa ubavuni mwa kibuyu, asikie kinavyolia. Mkewe Bwana Kaggwa, Mama Namalwa, aliwapokea kwa chai na maneno matamu ya Kiswahili, kwa kuwa alikulia kwenye nyumba za reli Tororo. Micah akakitua kibuyu sebuleni, juu ya kabati dogo. Ukutani, hatua moja kutoka pale, ilining'inia kanzu nyeupe ya Bwana Kaggwa, imepigwa pasi tayari. Alasiri hiyo wangekwenda Kasubi. Bwana Kaggwa alikuwa na mjomba aliyekuwa katika zamu ya ulinzi pale, na zamu hiyo ilikuwa inaisha jioni ile ile; baada ya hapo wasingekuwa na mtu wa kuwaingiza.

Walikuwa hawajamaliza kikombe cha kwanza.

*Pa!*

Kifuniko kilipiga dari. Mursik ikaruka kama chemchemi, ikaoga ukuta, ikaoga kabati, na sehemu kubwa ikaitafuta kanzu ile kana kwamba ilikuwa imetumwa kwake. Nyeupe ikawa ya kijivu kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Mama Namalwa alibaki ameshika birika hewani. Bwana Kaggwa aliitazama kanzu, akatazama kibuyu.

"Nani alikuwa na kibuyu hiki?" Baba aliuliza kwa sauti ya chini. Sauti hiyo ya chini ndiyo waliyoiogopa.

"Mimi, baba," alisema Micah. "Nilikitikisa. Nilitaka kusikia kinavyolia."

Bwana Kaggwa alisema si neno, ataazima kanzu kwa jirani. Lakini Baba alikuwa amejaa aibu ya mgeni, na hakuna aibu nzito kama hiyo. "Mtoto hawezi kuharibu nguo ya mwenye nyumba, kisha atembezwe na mwenye nyumba huyo huyo," alisema. "Micah atabaki amsaidie Mama Namalwa kufua. Makaburi ya wafalme atasimuliwa."

"Ndiyo, baba," alisema Micah.

Jelagat alikuwa amesimama mlangoni. Kile kitambaa chake kilikuwa kimening'inia kwenye mgongo wa kiti, kimelowa, na hakuna aliyekitazama. Moyo wake ulianza kumtetea. Je, amesema uongo? Hapana. Hakuna aliyemuuliza. Micah mwenyewe amekiri. Na kweli alikitikisa, nani hakumwona? Moyo ule ulikuwa wakili hodari. Tatizo lake ni kwamba haukunyamaza hata kidogo, na mtu aliye na haki hahitaji wakili wa kusema mfululizo hivyo.

Baada ya chakula Bwana Kaggwa akatokea akiwa amevaa kanzu ya jirani, na jirani huyo alikuwa mfupi. Kanzu ilimfika katikati ya miguu. Mama Namalwa alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Leo wafalme watafikiri tumewaletea mtoto wa shule!" Kila mtu alicheka isipokuwa watoto wawili.

Wakatoka. Walipofika kwenye kona ya barabara, sauti ndogo ikawafuata kutoka mlangoni.

"Jelagat! Uniangalizie mikuki! Uitazame vizuri, kisha uniambie yote!"

Jelagat aligeuka. Micah alikuwa ameketi kizingitini, miguu mitupu, viatu vyake vya safari amevipanga kando yake. Hakuwa amenuna. Alikuwa akimpungia mkono.

Kama Micah angelia, labda Jelagat angeendelea kutembea. Mkono ule ndio uliomshinda.

"Baba," alisema, "si Micah."

"Si Micah nini?"

"Kibuyu. Kogo aliniambia mimi nikifungue kila kituo kikubwa. Msichana mmoja alitucheka garini, nikaona haya. Nikakaza kifuniko kwa kitambaa na kamba, nikakificha chini ya benchi. Sikukifungua tena tangu Eldoret."

Baba alimgeukia. "Nilipokuwa nasema na Micah, ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Na ulinyamaza kwa nini?"

Machozi yakaanza kumtoka. "Nilitaka kuona Kasubi."

Bwana Kaggwa alikohoa na kutazama mawingu. Mama alimshika Jelagat bega, akaliminya kidogo, lakini hakumtetea.

"Rudi," alisema Baba. "Mwambie Micah avae viatu."

Micah hakuamini. "Lakini nilikitikisa!"

"Hata ungekibembeleza kama mtoto mchanga, kingelipuka," Jelagat alimwambia, akimfunga kamba za viatu. "Kimbia, wanakungoja. Na ukiingia ndani, uvue tena hivi viatu nje, usinitie aibu nyingine."

Micah akatimua mbio. Jelagat akamtazama mpaka kona ilipommeza.

Mama Namalwa hakumhubiria. Alimpa beseni, kipande cha sabuni na malimau mawili. "Masizi ya kwenu ni makaidi," alisema. "Sugua, kamua limau, anika juani, rudia. Ukichoka, imba." Waliifua kanzu ile mara nyingi. Walipoichoka, Mama Namalwa alimfundisha kufunga ndizi zilizomenywa ndani ya majani ya mgomba, kuzipanga sufuriani na kuzipika kwa mvuke taratibu. Utomvu ulivifanya vidole vya Jelagat kuwa vyeusi. Mama Namalwa alivitazama, akatikisa kichwa. "Sasa umekuwa wa hapa. Nakuru watakukataa."

Jelagat alicheka, na ndipo alipogundua kwamba yule wakili wa moyoni amenyamaza. Alikuwa hajaona kaburi hata moja la mfalme, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Jioni wenzake waliporudi, Micah alisimulia mpaka sauti ikamkauka. Nyumba ya nyasi ilikuwa kubwa kama karakana ya reli. Ndani kulikuwa na pazia la nguo ya gome la mti ambalo huruhusiwi kulipita. Mikuki ilikuwa elfu moja.

"Elfu?" aliuliza Jelagat.

"Basi, kama ishirini. Lakini ni mirefu sana!"

Kibuyuni kulibaki nusu ya mursik. Bwana Kaggwa alimiminiwa kikombe, akanywa, akafumba macho. "Hii ndiyo niliyoiita," alisema. "Nyinyi wenyewe mngeweza kubaki Nakuru."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili. Bwana Kaggwa alivaa kanzu yake mwenyewe. Ilikuwa nyeupe tena, ila palibaki wingu dogo la kijivu karibu na pindo, naye alilionyesha kwa kila waliyekutana naye na kueleza kwamba ni alama ya heshima kutoka Kenya. Wakapanda kilima cha Namirembe kusali katika kanisa kuu. Baada ya ibada, Baba alimwita Jelagat wasimame pembeni. Chini yao mji wote ulikuwa umetandazwa juu ya vilima: Mengo yenye jumba la mfalme, Rubaga yenye kanisa la Wakatoliki, na ng'ambo ile, kijani na kimya, kilima cha Kasubi.

"Jana," Baba alisema, "nilimwadhibu mtoto asiye na kosa, tena mbele ya watu. Ningerudi Nakuru nikijiona baba mwenye haki, na Micah angekua akiamini ameharibu safari yetu. Hakuna aliyeweza kuniambia ila wewe peke yako. Asante."

Jelagat hakuwahi kumsikia baba yake akimshukuru mtoto. Hakujua atazame wapi.

"Lakini ulichelewa," Baba aliendelea. "Usiseme hukuulizwa. Mtu akilaumiwa kwa kosa lako, hapo umekwisha kuulizwa. Sema palepale, hata kama ukweli utakunyima kitu ulichokitamani mwaka mzima. Na kibuyu cha kwetu usikionee haya tena. Umeona jinsi Kaggwa alivyofumba macho?"

"Ndiyo, baba. Asante kwa kunileta." Jelagat akafikiri kidogo. "Na asante kwa kuniacha nyumbani."

Baba alicheka kwa sauti mpaka waumini waliokuwa wakitoka kanisani wakageuka. Micah alikuwa tayari amemshika dada yake mkono, akimvuta ukingoni mwa kilima, kidole kikielekea Kasubi.

"Njoo, nikuonyeshe tulipopita!"

"Nenda," Baba alisema. "Mwache mwenyeji wako akutembeze."