Duara la Tano

Haya sikuhadithiwa, niliyaona kwa macho yangu haya, na anayebisha akamuulize shemeji yangu, fundi wa zege. Alipewa kazi ya kukagua daraja la zamani la mtoni, lililosimama juu ya nguzo moja nene. Unagonga nguzo kwa nyundo. Palipo imara panalia, penye uvungu panavuma, na hapo unachora duara kwa chaki. Maduara yakizidi manne, daraja linavunjwa. Na zege la nguzo ile alilimwaga marehemu baba yake.

Mahali pa tano palipovuma, shemeji akarudisha chaki mfukoni.

"Shemeji, hapo mbona huchori?"

"Wewe shika ngazi."

"Pamevuma."

"Limevuma tumbo lako."

Ikabaki kukagua ndani. Katikati ya nguzo kuna chumba chembamba, na mlango wake ulizibwa tangu daraja lilipojengwa, tuliuvunja wenyewe. Nje jua la saa sita, ndani giza totoro. Tukasikia nyundo ikigonga humo taratibu, ko, ko, ko. Mimi siogopi kitu, nilimtanguliza shemeji kwa heshima tu, nikamulika kwa tochi. Ukutani kulikuwa na maduara ya chaki, kila moja likielekeana na mahali palipovuma nje. Shemeji akayahesabu. Matano. Akagusa la tano, unga mpya wa chaki ukamganda kidoleni.

Nyundo ikanyamaza. Shemeji akatoka bila kuniangalia, akachora duara la tano.

Nimetunga jambo moja tu, ili wanaovuka pale wakati daraja linasubiri kuvunjwa wasikose raha: kwamba nyundo ilinyamaza.