Chupa Iliyopoa kwa Kinyozi

Naapa kwa meno yangu matano yaliyobaki, haya ni kweli tupu. Anayebisha aje tubishane.

Kila asubuhi kabla ya masomo, mimi na mjukuu wangu, tunayemwita Kidomo, tulipitia machinjioni kuchukua ovari za ng'ombe. Tulizitia kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya vuguvugu, tukampelekea mama yake maabarani. Yeye, binti yangu wa kwanza, alitoa mayai machanga yaliyomo, akayalea pamoja na seli za ovari, seli nyingine akaziacha bila mayai ili alinganishe, kisha akaongeza homoni.

Alikuwa akituambia kwamba yai si abiria wa kubebwa tu. Hutoa vichocheo vya ukuaji vinavyozielekeza seli jirani ziitikie homoni vipi. Yai likipigwa na baridi, seli hukosa maelekezo.

Jumatatu moja tulipeleka chupa kama kawaida. Ijumaa mimi na Kidomo tukamkuta binti yangu amefura. Seli zenye mayai zimeitikia homoni sawasawa na zisizo na mayai! Kazi ya wiki imekwenda na maji. Daftari lilionyesha chupa ya Jumatatu ilifika na joto la mwili, basi aliyeharibu mayai ni msaidizi wake. Akamwambia afungashe vitu vyake. Yule kijana akaanza kukusanya vitu vyake.

Nikaona nimsaidie. Nikaeleza jinsi kimbunga kilivyoninyanyua na baiskeli yangu hadi usawa wa paa, kifuniko cha chupa kikafyatuka.

"Hakuna kimbunga, Mama," Kidomo akasema, machozi ya hasira yakimtoka. "Babu aliifungua chupa kwa kinyozi, akawadanganya watu kwamba amebeba mayai ya tembo. Ilikaa wazi nusu saa. Kaka huyu msaidizi wako alipotaka kupima joto, Babu akamfokea eti anamdharau mzee. Kaka akaandika alichotajiwa."

Nikamkata jicho. Hakulijali.

"Mbona ulinyamaza siku zote hizo?" mama yake akafoka.

"Si unaniambia nimheshimu Babu?"

Binti yangu alivuta pumzi. Alimwomba radhi kijana, akamrudishia ufunguo wa maabara, akamwambia lakini asiandike tena namba ambayo hakuipima. Kisha akamshika Kidomo bega.

"Kumheshimu mkubwa si kumfichia kosa, mwanangu. Ulipokaa kimya, mwenzako nusura apoteze kazi. Leo umesema, kazi imebaki." Akanigeukia mimi, macho makavu. "Na wewe, Baba, utaleta chupa mwezi mzima, na utapimiwa mlangoni."

Jumatatu nilisimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilimwomba kijana msamaha, nikamsomea kipimajoto kwa sauti. Alinisikiliza kwa adabu zote.

"Asante, Babu," akasema, akakichukua kipimajoto, akapima upya.