Bendera Juu ya Ukuta

Duka la vifaa vya shule lilikuwa limefurika wazazi siku ile, na brashi nyembamba ilikuwa imebaki moja tu. Mikono miwili iliishika kwa pamoja: mmoja wa binti mfamasia, aliyetoka kazini na koti jeupe bado mwilini, mwingine wa fundi saa, kijana mwenye shati la samawati lililokunjwa hadi kwenye viwiko.

"Dada, unaitakia nini?" fundi aliuliza bila kuiachia.

"Kufutia vumbi mizani ya dawa. Na wewe?"

"Kupaka macho ya askari."

Akatoa mfukoni askari wa plastiki, urefu wa kidole gumba, joho jekundu, hana macho. Mfamasia alicheka mpaka watu wa nyuma wakawaambia wasogee. Brashi akamwachia, na namba ya simu juu yake.

Ndivyo alivyoingia kwenye mchezo wa vita vya mezani. Kila Jumamosi mchana, katika ukumbi juu ya duka la mazulia, watu wazima walipanga majeshi yao madogo, wakarusha dadu, wakapima kwa futi nani amfikie nani. Mfamasia, aliyezoea miandiko ya madaktari, alikisoma kijitabu cha kanuni hadi mistari ya chini kabisa. Haikupita miezi minane wakamfanya mwamuzi. Mapenzi nayo yalikuwa yamekolea.

"Dokta wangu, umekula?" fundi alikuwa akimpigia simu kila adhuhuri.

"Nimekula, kipenzi. Acha kunichunga kama mgonjwa."

Siku ya fainali alivaa gauni la kijani ambalo fundi alilipenda. Fundi alikuwa anacheza na kinyozi mmoja mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

"Jemedari wake anaonekana," kinyozi alisema. "Nampiga mshale."

"Yuko nyuma ya ukuta," fundi akajibu.

"Bendera yake iko juu ya ukuta. Mwamuzi, tuamulie."

Kijitabu kilisema askari anayeonekana aweza kupigwa. Ukurasa mwingine ukasema silaha na mapambo si mwili. Sasa bendera? Si silaha. Pambo? Lakini kanuni zilezile zilisema bendera huwatia wenzake ujasiri, na pambo tupu halimtii mtu ujasiri. Mfamasia alifunua kurasa huku na huku.

"Huyo si mtu wake?" mtu alinong'ona nyuma. "Mtaona."

Mfamasia alikifunga kijitabu. "Hapa simjui mtu," akasema. "Bendera ni sehemu ya askari. Piga."

Dadu likaangukia sita; jemedari akaanguka, na mchezo ukaisha. Fundi alimpa kinyozi mkono, akawapanga askari wake sandukuni mmoja mmoja, akaondoka bila kumtazama mwamuzi.

Jumapili simu iliita hadi ikakatika. Jumatatu vilevile. Kazini alihesabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tatu, asijiamini. Jumanne fundi alipokea.

"Umenikasirikia kwa ajili ya mchezo?"

"Mchezo ni mchezo. Niko na wateja."

Ikakatwa. Mchezo upi? Ule wa mezani, au wao wawili ndio walikuwa mchezo? Akayageuza yale maneno siku nzima, kila upande yanachoma. Mwishowe alimpigia dada yake mkubwa.

"Maneno ya mtu huulizwa mwenyewe," dada alisema. "Ila nijibu. Angekuwa mwingine, ungeamua hivyo?"

Mfamasia akaaga na kukata simu. Jibu alikuwa nalo.

Jumatano mchana alikwenda kibandani kwa fundi. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri saa yake.

"Nilikosea," mfamasia alisema kabla hajasalimia. "Angekuwa mwingine, ningesema ni pambo. Niliogopa watu watasema nimekupendelea."

Fundi aliweka kibano chini. "Kushindwa nimezoea. Ulisema hunijui."

"Nilisema kama mwamuzi."

"Mimi nilisikia kama mtu wako. Siku nne najiuliza, huyu ananionea haya?"

"Na mimi tangu jana najiuliza kama kwako nilikuwa mchezo."

Fundi alishangaa, kisha akatabasamu kidogo. "Dokta, hata hilo umelitafutia maana?"

Mfamasia alimgeukia yule mama. "Shikamoo mama. Huyu unayemwona ni mchumba wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimefuata saa tu. Lakini hongereni."

"Mchumba tangu lini?" fundi aliuliza polepole.

"Tangu sasa hivi. Kama huna pingamizi."

Fundi alizunguka meza, akamshika mikono yote miwili, akaikuta baridi kama chuma.

"Sina," alisema. "Kaa hapa. Nimalizie saa ya mama, halafu tumpigie simu mama yako."